Mabuti ya Saizi ya Mkuu

Alhamisi, 14 Machi

Kikao cha maandalizi ya mvua, ofisini kwa Mkuu. Viti havikutosha, nikasimama karibu na kabati. Afadhali. Aliyesimama nyuma haulizwi maoni.

Ajenda ya mwisho ilikuwa mabuti ya mpira kwa wafanyakazi wote, ili mafuriko yakija watu wa ofisi ya afya wasionekane wanarukaruka kwenye mawe kama kuku. Mama Stoo alishika kalamu, akaomba kila mmoja ataje saizi yake. Akaanza na Mkuu, kwa heshima. Mkuu akanyoosha mguu mbele ya meza, akautazama kama mtu anavyotazama gari lake jipya, akasema: arobaini na sita.

Aliyefuata ni Mhasibu, ambaye ni mwembamba kuanzia juu mpaka chini, nyayo zikiwemo. Akakohoa. "Na mimi hapohapo, Mkuu." Dereva naye: "Hiyohiyo." Sijui ilikuwaje, lakini kuanzia hapo ikawa kama kiapo. Anayetaja namba ndogo anajishusha mbele za watu. Anayetaja kubwa — huyo ni nani hasa? Mama Stoo mwenyewe, ambaye viatu vyake hununua upande wa watoto wa shule, alijiandikia arobaini na sita bila kupepesa macho.

Mimi namba yangu ilikuwa mdomoni. Thelathini na tisa. Nilikuwa nayo tayari tangu zamu ya Mhasibu, nimeishikilia kama mtu aliyeshikilia chafya. Mkuu akanigeukia: "Na kijana wetu?"

"Kama ya kwako, Mkuu."

Akafurahi sana. Akasema kumbe ofisi hii ina watu waliosimama imara.

Niko kwenye majaribio ya kazi. Mwezi ujao Mkuu ndiye anayeamua kama nitathibitishwa au nitakabidhiwa vyeti vyangu na kuonyeshwa mlango. Huu si wakati wa kubishana na mtu kuhusu miguu. Na huenda mvua yenyewe isinyeshe.

Jumatatu, 8 Aprili

Imenyesha.

Barabara kati ya ngazi za ofisi na lango la soko haipo tena. Ni maji tu, rangi ya bahasha ya kaki, na juu yake vinaelea vitu ambavyo sikutaka kuvitazama mara mbili. Dereva alituvusha kwa gari la ofisi, lile la magurudumu marefu. Nilipandisha miguu kwenye kiti njia nzima ingawa maji yalikuwa nje. Mkuu yeye alikaa mbele. Tulipofika, Dereva aligeuza gari na kurudi kinyumenyume hadi mlango wa Mkuu ukagusana kabisa na ngazi. Mkuu akashuka pakavu. Kiatu kinang'aa!

Saa hiyohiyo akaniita. Niandike tangazo: jinsi ya kulinda miguu unapopita kwenye maji ya mafuriko. "Wewe ndiye mwenye elimu mbichi," alisema. Nikasoma kila kijitabu kilichokuwa kabatini na bango la ukutani. Nimeandika hivi: usitembee peku. Usitegemee kandambili, maji huzichukua. Vaa kiatu kilichofunika mguu wote na kinachokukaa sawasawa. Shika fimbo, papasa mbele kabla ya kukanyaga, maana mifuniko ya mitaro huchukuliwa na maji. Maji yakitaka kuvuka mdomo wa buti, rudi. Mwenye kidonda asiingie bila sababu ya lazima, maana maji hubeba mkojo wa panya, na akiingia akifunike vizuri. Ukifika nyumbani, osha kwa maji safi na sabuni, kausha mpaka katikati ya vidole. Ukiona uvimbe au homa, nenda zahanati.

Mkuu amelisifu. Nami naweza kusema hapa, ambapo hakuna atakayesoma, kwamba sijawahi kutia hata kidole kwenye maji ya mafuriko maishani mwangu. Utotoni Dada alinibeba mgongoni, hadi umri ambao majirani walianza kumuuliza kama mimi ni mgonjwa. Sasa baada ya kusoma vile vijitabu naogopa zaidi. Misumari. Vioo. Mkojo wa panya unaoingia mwilini kupitia mchubuko mdogo tu. Mkojo wa panya! Neno hilo nililiandika kwa mwandiko mzuri kabisa, kisha nikaenda kunawa mikono.

Jumanne, 9 Aprili

Anayesoma matangazo ni Dereva, lakini amekaukiwa na sauti. Nikapewa kipaza sauti mimi. Nilikaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kimebaki kijinafasi cha kutolea waya, tukazunguka mtaa mzima. Sauti ilitetemeka kuanzia "Ndugu wananchi" mpaka mwisho. Nilipofika kwenye panya ilikatika kabisa.

Kumbe ndiyo iliyowashika watu! Dereva alininong'oneza kwa ile sauti yake ya msasa: "Umetisha, bwana. Umesoma kama mtu aliyefufuka." Wanawake wawili walisimama dirishani wamejishika vifua.

Balaa ni kwamba sasa mtaa mzima unaijua sauti yangu. Jioni niliingia duka la jirani, nikaomba sabuni. Neno moja tu, sabuni! Mama wa duka akadakia: "Ndiye wewe! Wa katikati ya vidole!" Akavua kiatu papo hapo, akapandisha mguu juu ya kaunta, kando ya mizani. Kidole gumba kimevimba. Nikamwambia aende zahanati, awaone wataalamu. Akaniangalia. "Si ndiyo nimekutana na mtaalamu?"

Nikakitazama kile kidole kwa uso mzito. Nikatikisa kichwa. Akashukuru, akanipa sabuni ya bure. Nimeona aibu mpaka nyumbani.

Shemeji, mume wa Dada, ni kinyozi. Anasema leo kibandani kwake hakuna aliyezungumzia nywele. Kila anayekaa kitini anaanza: papasa mbele, papasa mbele! "Hata mimi nilipapasa, shemeji, nusura nimkate mtu sikio." Ameniita Bwana Miguu mbele ya wapangaji wote. Jina limeshika moto.

Jumatano, 10 Aprili

Mabuti yamefika.

Yote arobaini na sita.

Mama Stoo aligawa mmoja mmoja, kama anayegawa vyeti. Mkuu akavaa ya kwake, akasimama, yakamkaa kama yamezaliwa naye. "Safi!" akasema. "Kila mtu avae tuone." Tukavaa. Mhasibu akatembea koridoni — kpwaa, kpwaa — huku ameinua kidevu, kama mtu asiyejua hiyo sauti inatoka wapi. Mama Stoo alipogeuka kuniangalia, aligeuka yeye tu. Mabuti yalibaki yanatazama mlango.

Hakuna aliyecheka! Macho yetu yalikutana, yakakimbiana. Mkuu akauliza yanatukaaje. Yanatukaa vizuri, Mkuu.

Basi hapo furaha ikampanda kichwani. Akasema tangazo ni zuri, ila watu wamechoka kusikia, wanataka kuona. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, mbele ya umma, kijana wetu atavuka kwa miguu kutoka ngazi za ofisi hadi lango la soko, amevaa buti, ameshika fimbo, anafuata tangazo neno kwa neno. Yeye Mkuu atasimama ngazini na kipaza sauti.

Nilidhani kijana wetu ni mwingine. Nikatazama nyuma.

Akanivuta pembeni, akanishika bega. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Ukivuka, nasaini uthibitisho wako jioni hiyohiyo. Lakini karani anayeogopa tangazo lake mwenyewe, nitamweka idara gani?"

Nimekula chakula cha jioni bila kujua ni nini.

Alhamisi, 11 Aprili

Asubuhi nilikwenda mpaka mlangoni kwa Mkuu kusema ukweli. Njiani nilikuwa nimepanga kila kitu: samahani Mkuu, palitokea hitilafu ndogo upande wa vipimo. Nikabisha. Akainua kichwa. "Ehe, mabuti vipi?"

"Yananikaa, Mkuu."

Nikafunga mlango kwa adabu. Mimi ni mtu wa namna gani?

Nikamwendea Mama Stoo anibadilishie. Nikubadilishie na yepi, mwanangu, wakati yote ni pacha? Ya kwake mwenyewe ameyasimamisha nyuma ya mlango, ameweka mwavuli ndani. Ushauri wake ni kwamba nitembee pole kama bibi harusi, nisiinue mguu ila niuburute. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakutaja namba yake. Akanikazia macho. "Na wewe je?"

Alasiri nikafanya mazoezi uani. Dada alijaza beseni lake la kufulia, nikaingia na buti moja. Nikatoa mguu — mguu ukatoka, buti likabaki. Nikarudia. Likabaki. Shemeji alikuwa kwenye kigoda, anacheka bila sauti, mabega tu yanaruka. Kisha akaona uso wangu, akaleta taulo zake mbili nyekundu za kinyozi. Tukazisokomeza ndani, moja kila buti, ncha zikachomoza juu. Sasa yalishika kidogo. Nikazunguka ua mara kadhaa, nikaanza hata kujiamini.

Dada hakucheka tangu mwanzo. "Kwani mguu mdogo ni kosa la jinai? Mwambie huyo mzee."

"Nitapoteza kazi, Dada."

"Na ukianguka kwenye mtaro utapoteza nini, mwavuli?"

Shemeji akasema heri aniache, shemeji yake anataka kufa na tai shingoni. Dada akamwambia nenda kanyoe watu.

Na sasa nimevua soksi nimeona: lengelenge kwenye kisigino cha kulia, limepasuka. Ni buti lenyewe lililonisugua! Kidonda. Tangazo langu linasema mwenye kidonda asiingie bila sababu ya lazima. Nimekaa kitandani najiuliza kama mimi ni sababu ya lazima. Nimeweka plasta, juu ya plasta nailoni, juu ya nailoni plasta tena.

Ijumaa, 12 Aprili

Haikunyesha usiku. Nilikuwa nimeomba inyeshe sana, gari lishindwe kuja. Gari limekuja.

Fimbo: mpini wa ufagio wa Dada. Shajara nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, nimeiweka ndani ya shati pamoja na penseli. Likinipata la kunipata, ijulikane palikuwa na mtu aliyeandika vizuri.

Ijumaa bado. Juu ya meza ya muuza matunda

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kwenda. Meza hii imejengewa kwenye nguzo, imara, matunda hayapo. Maji pande zote. Mguu wa kushoto una buti. Wa kulia una soksi, nimeuinua juu ya goti langu kama mgeni wa heshima.

Nijaribu kwa utaratibu.

Watu walijaa ngazini kwetu na lango la soko, wengine juu ya mapipa. Mama wa duka alikuwepo, amevaa kiatu kimoja. Shemeji alifunga kibanda. Mkuu akapiga kipaza sauti kwa kidole, akasoma: "Vaa kiatu kilichofunika mguu wote na kinachokukaa sawasawa!" Mhasibu akatazama angani.

Nikashuka. Nilifumba macho. Maji yakanizunguka buti — na hakuna kilichotokea! Ni baridi tu. Nilisimama pale kwa mshangao, hadi Mkuu akasoma mstari unaofuata: "Papasa mbele kabla ya kukanyaga!" Nikapapasa. Nikaburuta mguu kama bibi harusi. Nikapapasa. Nikaburuta. Watu wakaanza kuhesabia kwa makofi. Maji hayakufika hata nusu ya buti. Kwa muda mfupi hivi, sijui niseme vipi, nilipendeza.

Kufika katikati, karibu na meza hii, nikachomeka mpini ukaenda. Ukaenda wote. Mkono wangu uligusa maji ndipo nikaamini.

Mtaro. Mfuniko umeng'oka umezama upande.

Nikapiga kelele: "Shimo!" Sauti ileile ya panya. Makofi yakakatika. Upande wa soko mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshaingia majini anifuate. Akarudi nyuma haraka, akamshika mwanawe kwa mkono. Ni njia yao ya kila siku hiyo. Asubuhi wamepita hapohapo kando kando bila kujua!

Nilipaswa kuchomoa fimbo, nizunguke, niendelee kuvuka. Barua yangu ya uthibitisho iko upande ule. Lakini nikichomoa, kesho nani atajua shimo liko wapi? Maji yanafunika kila kitu sawasawa. Basi nikauvuta mpini nusu juu, nikaukaza kati ya ukingo wa saruji na ule mfuniko uliozama, ukasimama. Ila mpini wa kahawia kwenye maji ya kahawia hauonekani. Nikatafuta kitambaa. Ncha nyekundu ilikuwa inachomoza kwenye buti la kulia. Nikaivuta, taulo ikatoka yote, nikaifunga juu ya mpini. Ikapepea. Shemeji akasikika kutoka ngazini: "Taulo yangu hiyo!" Watu wakashangilia.

Nikageuka kuendelea. Mguu ukaja. Buti halikuja.

Nikabaki nimesimama na mguu mmoja, soksi hewani, plasta zangu zote zinatazamwa. Na umma mzima, bila kupangwa na mtu, ukaniimbia tangazo langu: "Usitembee pe-ku! Usitembee pe-ku!" Nikaruka mara moja, nikaangukia hapa mezani.

Buti lipo, limeinama, nauona mdomo wake. Linajaa polepole.

Dereva amepaza ile sauti yake: gari haliwezi kuja, litaingia mtaroni. Mhasibu akajitolea, jambo ambalo sitalisahau. Alishuka ngazi ya mwisho, akapiga hatua, mabuti yote mawili yakabaki chini, akarejea juu na soksi kabla watu hawajaelewa wanacheka nini. Mama Stoo hakuyavaa kabisa ya kwake.

Mkuu, kwa kipaza sauti: "Kijana! Tatizo ni nini?"

Sijui kilichoniingia. Labda ni kukaa juu ya meza. Nikasimama kwa mguu mmoja, nimeshika nguzo, nikasema kwa nguvu zangu zote: "Mkuu, mabuti hayanitoshi! Mimi navaa thelathini na tisa!"

Kisha sauti nyembamba nyuma ya Mkuu: "Na mimi thelathini na sita!" Mama Stoo, ameinua mkono kama yuko darasani. Mhasibu akasema arobaini. Dereva akasema arobaini na moja, lakini nyembamba. Ikawa mnada! Mkuu akageuka huku na huku, kila anayemtazama anamtajia namba. Nilimwona uso ukimshuka, akatazama miguu yetu mmoja mmoja, nadhani kwa mara ya kwanza.

Halafu mtu kutoka lango la soko akauliza, kwa utulivu tu, kama anayeulizia nauli: "Sasa yanamkaa nani?"

Macho yote yakamwendea Mkuu. Mabuti yake mapya, lebo bado inaning'inia. Yanamkaa sawasawa.

Amesimama ngazi ya mwisho sasa, ni zamu yake kuingia majini anifuate. Mama Stoo amemkabidhi ufagio wa ofisi, ameushika kama wa kufagilia, nyuzi chini. Amesahau kipaza sauti hakijazimwa, tunamsikia akipumua, mtaa mzima. Ameinama kwa Dereva, ameuliza polepole kabisa: "Haya maji… ni kweli yana panya?"

Hakuna aliyecheka. Hata Shemeji. Dereva anamwambia kitu sikioni.

Sijui kuhusu jioni. Hakusema atasaini na hakusema hasaini. Mimi sijafika upande wa pili, hilo ni kweli, na taulo inapepea, hilo nalo ni kweli. Tone limeanguka kwenye ukurasa. Mvua, au ni mimi.

Nimemwita: "Papasa kwanza, Mkuu! Geuza ufagio!" Ameugeuza. Amenitazama kama mtoto anavyomtazama mwalimu wake. "Papasa mbele!" Umma umeitikia. Ameinua mguu wa kulia. Uko juu ya maji.

Naandika mstari huu wote, bado uko hewani